Kijana Aliyejitania Hakuvunja Heshima. Sisi Ndio Tuliovunja Utani

Usiku mmoja wa Jumamosi, katika ukumbi wa kukodi hapa Tabora mjini, kijana mwenye shahada ya kwanza alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akatueleza kwamba kwa miezi minane alikuwa akidanganya kuwa ana kazi. Kila asubuhi alivaa shati jeupe na tai, akachukua bahasha yake ya kaki, akamuaga mama yake, akaenda kuketi stesheni ya reli hadi saa tisa alasiri. "Nilikuwa mtumishi wa stesheni," alisema, "ila stesheni yenyewe ilikuwa haijapata taarifa." Watu walicheka hadi viti vikasogea. Akaeleza jinsi alivyojinyima ruhusa ya kwenda msibani kwa kuwa bosi wake ni mkali. Akaeleza jinsi alivyoomba radhi nyumbani kwamba mishahara imechelewa, na mama yake akamsihi asimlaumu mwajiri, kwani hali ni ngumu kila mahali.

Kisha akashusha sauti. Alisema kwamba kila Jumatatu alikuta shilingi elfu mbili katika mfuko wa shati lililofuliwa na kupigwa pasi. Kwa muda mrefu alidhani ni fedha alizozisahau. Mama yake, anayeuza karanga na asali sokoni, alikuwa ameujua ukweli tangu wiki ya pili. "Hakuniuliza kitu," alisema. "Alinilipa mshahara." Tulicheka tena, lakini kicheko hicho hakikufika mbali. Wengine walitazama chini.

Mgeni rasmi, ambaye sitamtaja yeye wala ofisi yake, alipopewa nafasi ya kufunga shughuli alisema mambo matatu. Kwanza, kwamba uchekeshaji wa kuanika maisha binafsi ni mila ya kigeni. Pili, kwamba msomi anayejidhalilisha hadharani anaidhalilisha elimu yenyewe. Tatu, kwamba siku nyingine maneno ya wachekeshaji yapitiwe kabla ya kusemwa ili "maadili" yalindwe. Alipigiwa makofi. Mimi pia nilipiga, kwa mazoea. Makala haya ni njia yangu ya kuyarudisha makofi yale.

Nianze na hoja ya ugeni. Ni kweli kwamba umbo la sanaa hii, yaani mtu mmoja, kipaza sauti kimoja na watazamaji waliolipa kiingilio, limetoka mbali. Marekani ilimjua Richard Pryor, aliyenusurika kufa kwa moto mwaka 1980 katika mkasa uliotokana na uraibu wa kokeini, na ambaye katika filamu ya mwaka 1982 alionekana akiusimulia mkasa huohuo jukwaani huku watu wakishika mbavu. Kwa jirani zetu wa Kenya, Daniel Ndambuki na kipindi chake cha Churchill Show waliifikisha sanaa hii sebuleni mwa watu. Sisi tulikuwa na michezo ya kuigiza ya kina Ze Comedy, na baadaye Dar es Salaam ikapata majukwaa kama Cheka Tu. Umbo, basi, tumelipokea. Lakini kumfanya mtu acheke ukweli unaouma, mbele ya watu, bila yeyote kuruhusiwa kukasirika, si jambo tulilolipokea kutoka Marekani. Mkoa huu ulikuwa ukilifanya kabla Marekani haijamaliza vita vyake vya kuondoa utumwa.

Tabora ulikuzwa na miguu ya watu. Karne ya 19, njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi au zaidi, pamoja na kitanda chake, chungu chake na silaha yake. Wenye misafara waliandika habari zao. Burton, aliyefika hapa mwaka 1857, aliandika. Stanley na Livingstone, waliokaa Kwihara mwaka 1872, waliandika. Tippu Tip alituachia maisha yake kwa Kiswahili. Hizo ni habari za ushujaa, faida na subira ya mwandishi mwenyewe. Waliobeba mizigo, isipokuwa wachache, hawakuachiwa kalamu. Walichokuwa nacho ni mdomo, na katika mdomo huo walikuwa na utani.

Wanahistoria walioandika juu ya wapagazi, Stephen Rockel akiwa mmoja wao katika kitabu chake cha mwaka 2006, wameonyesha kwamba utani ulikuwa nyenzo ya safari. Mnyamwezi aliyeugua Uzaramo au Ugogo hakuwa na ndugu wa damu pale. Alikuwa na mtani. Mtani huyo alikuwa na ruhusa ya kumwita mchoyo, mwoga, mla panya, na kumnyang'anya kuku mchana kweupe. Mtani huyohuyo alikuwa na wajibu wa kumpa chakula, kumwonyesha maji na, kama mambo yamefikia huko, kumzika.

Anayetaka kuuelewa utani auangalie msibani. Mtani huja akiiga mwendo wa marehemu. Hutaja madeni yake, ulevi wake, uchoyo wake. Huzuia jeneza mpaka alipwe. Mjane anayelia hujikuta anacheka, na hakuna ndugu mwenye haki ya kununa. Lakini tazama mikono yake. Ni yeye aliyechimba kaburi, na aghalabu ndiye anayechota maji, anayepasua kuni na anayebaki kusafisha ua wakati wageni wenye suti wamekwisha kuondoka. Ruhusa ya kucheka ilinunuliwa kwa jembe. Aliyecheka bila kushika jembe hakuwa mtani. Alikuwa mtu mwenye kejeli tu.

Atasema mgeni rasmi: sawa, lakini mtani hutaja aibu ya mwenzake, hajianiki mwenyewe. Ni kweli, na tofauti hiyo ndiyo inayotuambia yaliyotupata. Mtu mwenye watani hakuwa na haja ya kujianika. Kulikuwa na watu waliopewa kazi hiyo kwa desturi, watu ambao wangemwambia kijana siku ya tatu tu: "Wewe mtumishi wa stesheni, treni yako inaondoka saa ngapi?" Angecheka, angelia, na jioni ile mtani huyo angemtafutia kibarua. Leo kijana anaishi katika chumba cha kupanga. Majirani zake hawajui jina la baba yake. Ameambiwa tangu darasa la kwanza kwamba mwenye elimu hana shida. Hana mtu mwenye ruhusa ya kumcheka na wajibu wa kumwinua. Amelazimika kuwa mtani wa nafsi yake, akapanda jukwaani kufanya peke yake kazi iliyokuwa ya ukoo mzima.

Na sisi utani wetu tumeubakiza wapi? Tumeubakiza uwanjani. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na Jumatatu ya baada ya mechi hakuna ofisi ya umma isiyojaa kejeli. Sina ugomvi na mpira. Lakini uangalie utani huo: umebaki na ruhusa na umepoteza jembe. Hakuna shabiki anayechimba kaburi la mwenzake kwa sababu ya mabao matano. Tumejifunza kucheka bila kudaiwa kitu, tukadhani huo ndio utani wote.

Ndiyo maana vichekesho tunavyoviona kuwa salama vina sura moja: vinacheka chini. Lafudhi ya Msukuma aliyefika mjini. Mwanamke mnene. Mtu mwenye kigugumizi. Mfanyakazi wa ndani. Vichekesho vya namna hiyo nimevisikia katika sherehe nyingi za taasisi, mbele ya wageni rasmi wengi, na sikumbuki hata mmoja aliyesimama kuomba vipitiwe kwanza. Kicheko kinapoelekea juu, mambo hubadilika. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa na polisi baada ya kusambaza video aliyojirekodi akicheka picha ya zamani ya Rais wa wakati huo. Hakutukana. Alicheka. Mashtaka aliyosomewa mahakamani yalihusu usajili wa laini ya simu, maana ni vigumu kuandika hati ya mashtaka yenye neno "alicheka" bila karani mwenyewe kucheka.

Sasa tumeona mwelekeo wa tatu. Kijana hakucheka chini, hakucheka juu, alijicheka mwenyewe. Na bado alionywa. Kwa nini? Kwa sababu mtu anayesema ukweli juu yake mwenyewe huonyesha, bila kukusudia, chumba kizima alichosimama. Hakutaja wizara yoyote. Hakutaja chama. Hakutoa takwimu ya ukosefu wa ajira. Alisema tu kwamba alivaa tai na kukaa stesheni, na kila mtu ukumbini alimjua mtu mwingine mwenye tai kama ile. Hotuba zetu juu ya "fursa kwa vijana" zilipoteza uzito wake kwa dakika kumi na mbili. Ndicho kilichomuudhi mgeni rasmi, na ndicho alichokiita maadili.

Hoja ya pili, ya kudhalilisha, ina upande mmoja unaostahili heshima, nami sitauficha. Mwaka 2018 mchekeshaji wa Australia, Hannah Gadsby, katika onyesho lake liitwalo Nanette, alitangaza kwamba amechoka kujidharau ili watu wacheke. Kwa mtu ambaye jamii imekwisha kumshusha, alisema, kujishusha zaidi si unyenyekevu, ni fedheha. Aliongeza hoja nzito zaidi: kichekesho hukata kisa kabla ya mwisho wake, kwa sababu wasikilizaji hutaka kucheka na kupumua, na maumivu halisi huachwa nje ya mlango. Wapo wachekeshaji wetu wanaouza vidonda vyao kwa namna hiyo, wiki baada ya wiki, mpaka hawajui tena wao ni nani bila kidonda. Wapo pia wanaouza vidonda vya watu wengine: mke aliyeondoka, mtoto mgonjwa, rafiki aliyemwamini kwa siri. Hilo si ungamo. Ni uchongezi uliotiwa ucheshi.

Kwa hiyo naweka kipimo. Anayeungama jukwaani aseme aibu iliyo yake. Ile anayoshirikiana na mwingine aiombee ruhusa. Kijana wetu, nilikuja kujua baadaye, alimsimulia mama yake kisa chote wiki moja kabla, na mama alimrekebisha kiasi cha fedha. Na mcheshi asikiache kisa pale ambapo wasikilizaji wanajisikia vizuri. Huyu hakukiacha kwenye bosi mkali. Alikifikisha kwenye elfu mbili. Alichokifanya si kujishusha. Alimpandisha mama yake mahali ambapo sisi wote, pamoja na mgeni rasmi na suti yake, tulilazimika kumtazama.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Walisema pia kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Hii ya pili ndiyo inayonisumbua. Inamtaka mwenye msiba aanze, naye kijana ameanza. Wa mbali wako wapi?

Kuhusu heshima ya msomi na ya ofisi, mji huu una mwalimu mzuri kuliko mimi. Julius Nyerere alisoma sekondari hapa Tabora, na baada ya Makerere alirudi kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1962, nchi ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, aliandika kijitabu alichokiita Tujisahihishe. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, alikiri katika mahojiano kwamba kama angeanza upya yapo mambo ambayo asingeyafanya: asingefuta serikali za mitaa, asingevunja vyama vya ushirika. Havikuwa vitu vidogo. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 na ushirika ukavunjwa mwaka 1976, na wakulima wa mkoa huu waliijua gharama yake katika tumbaku yao. Sheria za mwaka 1982 zilikuwa zimekwisha kuanza kuvirudisha vyote viwili. Angeweza kunyamaza na kuacha sheria mpya zifunike kosa la zamani. Alisema. Sijasikia mtu akidai kwamba urais ulidhalilika siku ile.

Linganisha na lugha ya ofisi zetu leo. Hatukosei, tuna "changamoto". Hatujachelewa, jambo liko "kwenye mchakato". Hatujui, "tunalifanyia kazi". Mtumishi wa umma anaweza kustaafu baada ya miaka thelathini na tano bila kutamka hata mara moja, kwa nafsi ya kwanza umoja, sentensi inayoanza na "Nilikosea". Ndugu zangu watumishi mnaosoma makala haya mnajua kwamba sizidishi. Katika nchi ambamo anayekiri hadharani ni kijana asiye na kazi tu, na wenye kazi hawakiri lolote, aliyepungukiwa maadili si kijana.

Haki inanitaka nami nishike kipaza sauti. Nilimfahamu kijana huyu. Nilimfundisha. Miezi kadhaa kabla ya usiku ule nilimkuta stesheni nilipokwenda kupokea mzigo kutoka Kigoma. "Shikamoo mwalimu," alisema, akasimama. Nikaitikia, nikamuuliza yuko wapi siku hizi. "Niko kazini, mwalimu. Namsubiri mtu wa ofisini." Niliona bahasha. Niliona viatu vilivyobonyea upande. Ilikuwa saa nne asubuhi na treni ilikuwa imekwisha kuondoka. Nilijua, kama mama yake alivyojua. Tofauti ni kwamba mama yake alitia elfu mbili mfukoni, nami nilimpongeza. Nilimpongeza kwa sababu uongo wake ulinisaidia: wiki iliyofuata ningesimama mbele ya wanafunzi wengine mia mbili na kuwaambia kwamba shahada ni ufunguo. Ukumbini alisema kwamba watu wengi walimkuta pale na wote walimpongeza. Hakunitaja. Hiyo ndiyo heshima ambayo mgeni rasmi hakuiona.

Turudi kwenye pendekezo la kupitia maneno kabla ya kusemwa. Nani atayapitia? Atakata nini? Akikata stesheni, atabaki na tai. Akikata elfu mbili, atabaki na kijana mwongo ambaye watu wanamcheka, yaani ataondoa ungamo na kuacha fedheha. Ukaguzi wa namna hiyo hautalinda utu wa mtu yeyote. Utaturudisha kwa Msukuma na lafudhi yake.

Kama kuna utaratibu unaohitajika, uwe juu yetu tunaosikiliza, na uwe ule wa zamani. Usichukue sekunde thelathini za ungamo la mtu kwa simu yako, ukazisambaza bila mwanzo wala mwisho wake. Mwandaaji amlipe mcheshi malipo yake, badala ya kumpa soda na kumwambia anajitangaza. Wanafunzi mnaochekea simulizi za wenzenu wanaofeli, wanaokosa mkopo, wanaolala na njaa bwenini, mjue kwamba siku inayofuata mnadaiwa kugonga mlango. Wanaharakati, msimgeuze kijana kuwa bango la kampeni yenu kabla hamjamuuliza kama amekula. Nanyi mnaoketi upande wa pili wa bahasha za kaki, mzifungue, msome, na mjibu, hata kama jibu ni hapana. Kijana alisema ukumbini kwamba katika maombi arobaini na moja alijibiwa mara mbili. Kicheko kilichofuata sentensi ile kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na waliocheka zaidi walikuwa safu ya mbele, pale walipoketi maofisa.

Nilikwenda kumwona Jumatatu iliyofuata. Nilichelewa miezi kadhaa, na nilimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo. Tulikaa kibarazani, mama yake akatuletea karanga. Tuliandika upya barua yake ya maombi, na nikampigia simu mtu mmoja ambaye ningeweza kumpigia siku ile ya stesheni. Bado hajapata kazi ya kudumu. Anasema onyesho lijalo litahusu mhadhiri mmoja aliyekuja kupokea mzigo kutoka Kigoma. Ameniomba ruhusa, nami nimempa.